Mtu Aliye Kisimani Haachwi Kimya

Juzi lori la mjengo lilimwaga mchanga karibu na kibanda changu cha chai hapa Malili. Ulikuwa mchanga wa mto, umechimbwa asubuhi hiyo hiyo, bado umelowa, na maji yalikuwa yanachuruzika chini ya rundo yakitafuta barabara. Harufu yake iliingia kibandani kabla vumbi la lori halijatua. Wewe uliyekulia upande wetu unaijua harufu hiyo. Si ya tope wala si ya mvua. Ni harufu ya baridi iliyofichwa mahali penye jua kali. Niliacha maandazi yakiungua. Nikajikuta nimesimama kando ya lile rundo, mwiko mkononi, nikiita kwa sauti, "Uko?"

Vijana wa kupakua wakacheka sana. "Sista, unamwita nani huko ndani? Ama tumebeba mtu na hatujui?"

Nikacheka nao, kwa maana mimi hucheka haraka hata nikiwa na machozi, halafu nikarudi kuokoa maandazi. Sikuwaeleza. Susu, nyanya yangu aliyenilea, tulikuwa tumemzika majuma machache tu kabla ya hapo, na leso yake nyekundu yenye kiraka cha kijani sasa iko kwangu, nimeikunja ndani ya mfuko chini ya mto wa kulalia. Ukitaka kuwaeleza watu wenye makoleo kwa nini unaita mchanga, itabidi uanze mbali, kwenye ile safari ya nyumba ya picha. Wao walikuwa na haraka. Wewe labda huna.

Tulikaa nje kidogo ya Kambu, mahali ambapo malori ya Mombasa yanasikika usiku kucha kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Baba alikuwa fundi wa pancha kando ya barabara. Mama, aliyeitwa Mwende, alikufa kwa homa kabla sijajua kutembea, na picha yake haikuwako. Ile moja ya kwenye kitambulisho ilienda kwa chifu, kwa sababu mtu akifa kitambulisho chake kinarudishwa, na siku ile hakuna aliyefikiria kuuliza kama uso unaweza kukatwa ubaki nyumbani. Watu walizoea kuniambia, "Mutheu, wewe ni Mwende mtupu." Basi nilikuwa nainama kwenye pipa la maji, naangalia sura yangu, najaribu kuondoa vitu vya baba, yale masikio na lile paji la uso, nione kitakachobaki. Hakikubaki kitu cha maana. Na maji yakitikisika hata mimi mwenyewe nilikuwa napotea.

Kwetu mto si maji. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga tu, mpana, mweupe, na ng'ombe wanavuka bila kulowesha kwato. Maji yako chini. Unachimba, unazidi kuchimba, mpaka panaanza kung'aa kati ya vidole vya miguu. Kisha mmoja anashuka na kibuyu kilichokatwa, anachota kidogo kidogo na kujaza mtungi, na mwingine anabaki juu. Huyo wa juu ana kazi moja, kuongea. Mchanga hauna adabu, ukuta wa kisima unaweza kuanguka bila hata kukohoa, kwa hiyo mtu aliye kisimani haachwi kimya. Unamletea umbea wa soko, unamwimbia pambio, na ukiishiwa na maneno unaita, "Uko?" Naye anajibu, "Niko." Nawe unasema, "Haya, chota." Asipojibu, unapiga nduru mpaka watu waje mbio na makoleo.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza duniani, kabla hata ya shule. Susu yuko chini, mimi niko juu, mdomo wazi. Siku moja niliita, hakujibu. Nikaita tena, kimya. Nilipopiga nduru, mbuzi walitawanyika, na susu akatoa kichwa, maji yanamtiririka kidevuni.

"Mtu hawezi kunywa maji kwa amani?"

"Hukujibu!"

Alinishika shingo kwa mkono wake wa baridi. "Umefanya vizuri," akasema. "Hata nikinywa, piga nduru."

Sasa, shangazi Nduku, dada mdogo wa baba, alikuwa anafanya kazi Nairobi, analea watoto wa watu. Alikuja likizo siku moja mchana wa jua kali. Baba alikuwa amechuchumaa uani juu ya tairi, susu anachambua mbaazi, na mimi niko mlangoni natengeneza mwanasesere wa gunzi. Nduku hakusalimu. Hakuweka hata mfuko chini.

"Nimemwona Mwende," akasema.

Chuma cha baba kilianguka kikalia juu ya jiwe. 

"Mwende gani?" susu akauliza.

"Mwende wetu. Mama Mutheu."

"Nduku, huko Nairobi mnakunywa nini?"

"Sijakunywa kitu, mwaitu," akasema Nduku, na mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba. "Niko na akili zangu. Nilitumwa nipeleke watoto kwa nyumba moja ya picha, kubwa kuliko makanisa yote ya hapa ukiyaunganisha. Watu wamejaa mpaka unaona migongo tu. Sasa nikaangalia juu ya vichwa, nikaona picha kama mlango kwa ukubwa. Na ni mto wetu! Ule mwamba wenye nundu uko pale. Na kuna mwanamke kisimani, ana mtoto mgongoni, na leso ni ile nyekundu. Na ina kile kiraka."

"Kiraka cha rangi gani?"

"Kijani, mwaitu."

Susu akainuka. Mbaazi zote zilimwagika na kuku wakazishambulia, wala hakuwafukuza. Aliingia ndani, tukasikia sanduku la bati likifunguliwa, akatoka na leso mikononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Leso ile ndiyo mama alinibebea, na kiraka kile susu alikishona yeye mwenyewe, kutoka kwenye sketi yake ya akina mama wa kanisa. Hakuna leso nyingine duniani yenye kiraka hicho.

"Woi," akasema. "Yule mtu wa kofia."

Kumbe kiangazi kimoja, mimi nikiwa mtoto wa mgongoni, kulikuja mwanamume mwenye kofia pana, akakaa juu ya mwamba na makaratasi makubwa, anaangalia mto na kuandika, anaangalia na kuandika. Kijiji kizima kilijua yeye ni nani: mtu wa maji, anapima mahali pa kupitisha bomba. Kwa hiyo wanawake walijitahidi. Walimpa uji, walimchekea, walichimba kwa bidii kuliko siku zote ili aone shida yetu ilivyo. Alipoondoka aliwaachia sukari, nao wakakaa kungoja bomba.

"Na tulingoja kweli," susu akasema. "Kumbe alikuwa anatuchora!"

"Uso wake ukoje?" Hiyo ilikuwa sauti ya baba. Alikuwa hajainuka pale chini. "Nduku, uso wake amemchora vizuri?"

"Sikufika karibu. Nikijaribu kusogea, mtoto mmoja akataka choo."

 Baba aliokota chuma chake, akaendelea na tairi, lakini nilimwona anatia hewa kwenye mpira ambao bado hakuwa ameuziba. Hewa ilikuwa inatoka yote na yeye anaendelea kupiga pampu.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimesikia jambo moja tu, kwamba mama yuko Nairobi. Nilimfuata Nduku nyuma ya nyumba alikokwenda kunawa miguu, nikamuuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kutembelewa.

"Eeh, mbona asitembelewe? Kuna saa za kufungua na saa za kufunga. Mnaingia, mnamwona, mnatoka. Lakini huruhusiwi kugusa, wala kupiga kelele. Na chakula wanakataa kabisa, askari anapekua mifuko mlangoni."

Sasa hebu niambie, wewe ungeelewa nini? Mahali pekee nilipokuwa nimewahi kwenda penye saa za kuingia, watu wengi, askari, na amri ya kutogusa na kutopiga kelele, ilikuwa hospitali, tulipoenda kumwona jirani aliyevunjika nyonga. Nikajumlisha mambo yangu. Mama hakufa. Mama amelazwa. Homa ile ilikuwa kubwa, ikabidi apelekwe Nairobi, na hapo katikati watu wazima wakachanganyikiwa, kama wanavyochanganyikiwa na mambo mengine. Nilishtuka mpaka nikakaa chini kwenye tope la maji ya miguu ya Nduku. Lakini ulikuwa mshtuko mtamu. Sikumwuliza mtu yeyote zaidi, nikiogopa wakizungumza sana watagundua wamekosea.

Asubuhi susu alimwambia baba, "Twende."

"Mwaitu, ni picha."

"Nimesikia ni picha. Sijawa kiziwi. Mtoto huyu hajawahi kuona uso wa mama yake hata siku moja, na uso huo uko ukutani, watu wasiomjua wanauangalia bure. Twende."

Mbuzi mmoja alipungua zizini wiki hiyo, na dereva wa lori la vitunguu ambaye baba alikuwa amemsaidia mara nyingi akakubali kutubeba. Lakini susu hakuwa mtu wa kwenda mahali bila mpango. Alimwamuru Nduku achore ile nyumba uani kwa majivu, yote, jinsi anavyoikumbuka. Nduku akachora. Hapa lango, hapa mlango wenye askari, hapa chumba kikubwa chenye watu wa mawe, hapa ngazi, hapa unapinda kushoto penye picha za ndege, na pale mwisho, karibu na kibanda cha kuku, ndipo Mwende alipo. Kila jioni tulifanya mazoezi. Susu alipanda ngazi kwa kukanyaga mawe ya jiko yaliyopangwa, huku ameinua sketi.

"Na watu wengi tutawapata wapi?" baba akauliza. Alikuwa ameanza kucheka tena.

"Kuku watatosha," susu akasema, akamwaga mtama katikati ya chumba cha watu wa mawe. Kuku walijaa kweli kweli, tukapita tukiwasukuma kwa magoti, Nduku akipiga kelele, "Msiachane! Shikaneni! Huko hakuna mtu atawapisha!" Ikaamuliwa kwamba leso itabebwa na susu, na mtu akipotea ataangalia juu aone kitambaa chekundu. Ikaamuliwa pia tusiende Jumamosi, kwa sababu ya watu, wala Jumapili, kwa sababu ya Mungu. Susu alitaka kubeba jogoo. Baba akamwambia humo hamna mwenyeji wa kupokea jogoo. Susu akashangaa nyumba gani hiyo kubwa isiyo na mwenyeji. Wakapatana tubebe isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, pamoja na chupa ya uji, tule njiani.

Hawakujua ule uji mimi nilikuwa na mpango nao.

Na nilikuwa na mazoezi yangu mwenyewe, kwenye ukuta wa nyuma, wakati wengine wamelala mchana. Nilikuwa nauambia ukuta habari zangu kwa mpangilio, nisije nikasahau nikifika kitandani kwake. Kwamba meno ya mbele yameng'oka na mengine yanakuja. Kwamba najua kusoma. Kwamba susu anakoroma lakini ni mzuri. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba hatanitambua, kwa sababu aliniacha nikiwa mdogo. Nikamwomba susu siku hiyo anibebe mgongoni kwa ile leso.

"Wewe una miguu mirefu kuliko mbuzi," akasema. "Watu watasema nimebeba ngazi."

Tulifika Nairobi asubuhi ya siku ya kazi iliyochaguliwa kwa akili zetu zote, na kumbe shule nyingi sana zilikuwa zimechagua siku hiyo hiyo. Sijawahi kuona kitu kama kile. Watoto wa sare za kila rangi, walimu wenye filimbi, wageni wenye kamera, mstari unaozunguka nyumba na kujiuma mkia. Susu alisimama akaangalia, mdomo wazi.

"Nduku," akasema polepole, "kuku hawakutosha."

Mlangoni askari alifungua kiondo chetu cha chakula. "Mama, chakula hakiingii. Hata hii chupa, acheni hapa mtachukua mkitoka."

"Isyo ibaki," nikasema, "lakini uji ni wa mgonjwa."

"Mgonjwa gani, mtoto mzuri?"

"Mama yangu. Amelazwa humu."

Sitasahau nyuso zao. Nduku alishika mdomo. Askari alimwangalia baba, akarudisha macho chini haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kukuta mtu ndani. Baba aligeuka rangi. Alinivuta kando ya mstari, akachuchumaa mbele yangu kama anavyochuchumaa mbele ya tairi, na kwa muda alikuwa anatafuta pancha iko wapi.

"Mutheu. Mama hakulazwa. Mama tulimzika, pale penye mti wa mnyaa, unapajua. Humu kuna picha tu. Mtu alimchora."

"Najua," nikasema.

Sikujua. Masikio yangu yalikuwa yanalia kama lori linalofunga breki. Niliangalia ile chupa ya uji mezani pa askari, nikaona jinsi ilivyokuwa peke yake. Lakini watoto wana namna yao. Mtoto hatupi tumaini, analikunja liwe dogo. Nikalikunja langu palepale kwenye mstari. Basi, nikajiambia, hata kama hatanisikia, nitamwona. Nitauona uso. Hilo halijafa.

Ndani kila kitu kilikuwa mahali pake kama kwenye majivu yetu. Watu wa mawe walikuwako, na mmoja hakuwa na nguo hata kidogo. Susu alinifunika macho kwa leso upesi, na mimi kupitia kitambaa nilimsikia akimnong'oneza Nduku, "Huyu aliibiwa?" Ngazi zilikuwako, na susu alizipanda vizuri, sketi mkononi. Ndege walikuwako, tukapinda kushoto. Halafu migongo. Migongo na migongo, mabegi, nywele, harufu ya mafuta na ya biskuti. Baba aliniweka mabegani, susu akainua leso juu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa anagawanya watu kama anavyogawanya mtama.

"Tupisheni. Samahani, kijana. Tupisheni, sisi ni watu wake."

Nikaona mwamba wenye nundu. Nikaona mchanga wetu, mweupe vile vile, mpaka nikasikia joto lake kwenye nyayo. Nikaona leso, na kiraka. Kisha wa mbele yetu akasogea na nikaona yote.

Mama alikuwa ameinama.

Alikuwa ndani ya kisima mpaka kiunoni, ameinama kabisa, kibuyu kinaingia majini, na kichwa chake kilikuwa upande wa chini, kwenye giza la shimo. Mgongo ulikuwapo. Mkono ulikuwapo, mrefu, una bangili ya waya. Kisogo kilikuwapo. Uso haukuwako.

Niliteremka mabegani mwa baba. Nililala chini, pale sakafuni, kati ya viatu vya watu, nikatazama juu kutoka chini ya picha, kama unavyotazama ukitaka kumwona mtu aliyeinama. Ilikuwa akili kabisa kwangu wakati ule. Nilihamia upande wa kulia. Nikahamia kushoto. Watoto wa shule fulani wakaanza kucheka.

"Toto, inuka, utakanyagwa," akasema askari wa chumba kile.

"Hana uso," nikamwambia. "Afande, hana uso!"

Baba alikuwa anasoma kikaratasi kilichobandikwa kando. Alikisoma, akakisoma tena, kidole kikifuata mstari. "Kimeandikwa Mwanamke Akichota Maji," akasema. Akamgeukia askari, na sauti yake ilikuwa ya adabu sana, ile sauti mbaya ya mtu anayezuia kitu. "Ndugu yangu, huyu ana jina. Ni mke wangu." Askari alimwangalia yeye, akaiangalia picha, akaiangalia leso mkononi mwa susu, na kofia yake akaivua. Nadhani hata yeye hakujua kwamba ameivua.

Lakini aliyeshtuka kuliko sisi sote alikuwa susu, na si kwa sababu ya uso. Yeye alikuwa anatafuta kitu kingine. Macho yake yalikuwa yanazunguka mdomo wa kisima, kwenye mchanga mtupu pale juu, kulikokuwa na mtungi wa njano, punda mmoja kwa mbali, na basi.

"Niko wapi?" akasema.

"Mwaitu?"

"Mimi niko wapi? Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa juu! Nilikuwa nimesimama hapa!" Alinyoosha kidole mpaka askari akasogea. "Nilikuwa hapa namwita, na mtoto huyu nilitaka kumchukua akakataa kushuka mgongoni. Yule mtu alinitoa. Woi! Amenitoa, amemwacha Mwende kisimani peke yake!"

"Mama, tafadhali, sauti," akasema askari taratibu.

"Miaka yote hii," susu akasema. "Miaka yote hii yuko chini na hakuna mtu anaongea naye."

Watu walikuwa wamegeuka. Chumba kizima, sare na kamera na filimbi, kilikuwa kinamtazama kikongwe wa Kambu mwenye leso mkononi. Nduku alimvuta nguo.  Na susu akasogea mpaka kwenye kamba ya kuzuia watu, akaweka mkono kando ya mdomo kama tunavyofanya mtoni ili sauti ishuke, akaita.

"Mwende! Uko?"

Sauti yake iligonga dari ikarudi. Aliyekuwa anacheka aliacha. Mimi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, naangalia picha kwa mara ya kwanza bila kutafuta uso wa mama, na ndipo nilipomwona yule mtoto. Juu ya ile leso, juu ya mgongo ulioinama, kichwa kidogo kilikuwa kimegeuka kutazama nje. Kilikuwa na masikio makubwa. Kilikuwa na paji la uso la baba. Kilikuwa kinamtazama mtu aliyesimama juu, mahali pa susu, na sasa kilikuwa kinatutazama sisi. Katika picha yote ile kubwa kama mlango, uso ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa wangu.

"Mwende!" susu akaita tena, na safari hii sauti ilikatika katikati, kama ilivyokatika yangu siku ile alipokuwa anakunywa maji. "Mwende, uko?"

Hakuna mtu anayeitwa kutoka juu halafu kisima kikae kimya. Mimi sikulelewa hivyo.

"Niko!" nikajibu.

Susu akageuka. Aliniangalia pale chini nilipopiga magoti, akaiangalia picha, akaniangalia mimi tena, muda mrefu, kama mtu anayelinganisha vitambaa kabla ya kushona kiraka. Machozi yalikuwa yanamtiririka kidevuni, na hakuyafuta.

"Haya," akasema. "Chota."